Biskuti ya Ulezi na Asubuhi ya Mwanafunzi wa Mara

Siku ya mwanafunzi wa sekondari ya kutwa katika vijiji vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huanza kabla jua halijachomoza. Maji hayana budi kutekwa, ng'ombe hawana budi kufunguliwa, na safari ya shule aghalabu ni ya miguu. Mlo wa asubuhi, ambao kila kitabu cha lishe huupa nafasi ya mbele, kwa wanafunzi wengi huwa ni kikombe cha chai ya rangi iliyokolezwa sukari, au huwa si kitu chochote mpaka kengele ya mapumziko ilie. Hapo ndipo huliwa andazi la langoni, au pakiti ya biskuti za kiwandani zilizopitia soko la Sirari au maduka ya Mugumu. Wakati huo huo, nyumbani alikotoka mwanafunzi huyo, yamkini mna debe la ulezi linalosubiri kupikiwa pombe.

Kati ya debe hilo na pakiti ile pana jambo ambalo shule za wilaya hizi zingeweza kulishughulikia, nalo ni biskuti ya ulezi iliyookwa nyumbani au shuleni. Jambo lenyewe ni dogo kwa sura, na huenda wengine wakaliona kuwa halistahili heshima ya sayansi. Lakini ndani yake mna kemia ya wanga na protini, fizikia ya joto, na hata historia ya maradhi yaliyopata kuwalemaza watu wa Tarime. Mwanafunzi anayeielewa biskuti hiyo barabara ameelewa sehemu kubwa ya sayansi ya chakula. Na zaidi ya hayo, ameshiba.

Litaulizwa swali la haki: kwa nini biskuti, na uji upo? Uji wa ulezi, au wa wimbi kama wengine wauitavyo, ni chakula kizuri, nao umewalea watoto wa Mara kwa vizazi vingi. Hakuna sababu ya kuudharau. Kasoro zake kwa mwanafunzi wa kutwa ni mbili. Ya kwanza ni moto: uji hutaka kupikwa alfajiri, saa ile ile ambayo mama wa nyumba ana kazi nyingine nne, tena hauwezi kubebwa mfukoni. Ya pili ni maji. Uji unaonyweka una unga kiasi cha sehemu moja tu kwa sehemu tisa za maji, kwa sababu wanga ukipashwa moto ndani ya maji huvimba na kuufanya uji uwe mzito kabla unga haujawa mwingi. Kikombe cha gramu 250 cha uji wa namna hiyo, bila sukari, hutoa nishati isiyozidi sana kilokalori 85. Tumbo hujaa, lakini baada ya saa mbili kijana wa miaka 14 anahesabu dakika badala ya kufanya hesabu.

Biskuti ni kinyume chake. Neno lenyewe, lililotufikia Waswahili kupitia lugha za wageni, lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kitu kilichookwa mara mbili. Mabaharia wa zamani waliuoka mkate mara ya pili ili maji yatoke, nao ukakaa miezi bila kuoza. Ukungu na bakteria huhitaji maji. Chakula ambacho maji yake yamepungua hadi asilimia 5 au chini yake hakiwapi nafasi. Ndiyo sababu biskuti kavu iliyookwa Jumamosi yaweza kuliwa Alhamisi, njiani, bila moto, bila kikombe, na bila kumwamsha mtu.

Ulezi na biskuti hufaana kwa sababu nyingine pia, ambayo haijulikani sana. Mkate wa ngano huumuka kwa kuwa ngano ina gluteni, protini ambayo ikikandwa pamoja na maji hufanya utando unaonyumbuka kama mpira. Kabonidayoksaidi itokayo katika kazi ya hamira hunaswa ndani ya utando huo, na mkate ukainuka. Ulezi hauna gluteni. Wala mtama, wala mahindi, wala muhogo. Anayejaribu kuoka mkate wa ulezi mtupu hupata tofali. Kwa miaka mingi jambo hilo limehesabiwa kuwa upungufu wa nafaka za Kiafrika, na watu wakaendelea kununua ngano, ambayo sehemu kubwa ya ile inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje. Bei yake ilipopanda mwaka 2022, baada ya vita kuzuka kati ya Urusi na Ukraine, kila mla mandazi alitambua kwamba ngano nayo ina upungufu wake.

Lakini biskuti haitaki gluteni. Mwokaji wa biskuti za ngano hujitahidi isijitokeze: huchanganya mafuta na unga kwanza ili mafuta yazifunike chembe za unga, kisha hakandi sana, maana gluteni ikikua biskuti huwa ngumu kama ngozi. Kile anachokitafuta mwoka mkate, mwoka biskuti hukikimbia. Kwa upande wa ulezi kazi hiyo imekwisha kufanywa na maumbile. Kinachobaki ni kupata kitu cha kuunganisha unga, nacho ni yai, au ndizi mbivu iliyopondwa. Na ndizi si kitu cha kutafutwa kwa taa katika miinuko ya Tarime.

Ulezi ni nafaka ya nyumbani kwa maana kamili. Wataalamu wa historia ya mimea husema kwamba ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, miaka elfu kadhaa iliyopita, kisha ukavuka bahari hadi Uhindi, ambako hulimwa kwa wingi mpaka leo. Sifa yake kubwa ni kalsiamu. Katika majedwali ya vyakula, gramu 100 za ulezi huwa na kalsiamu miligramu 340 hivi. Unga mweupe wa ngano una miligramu 20 hivi, na mahindi huwa chini ya hapo. Protini ya ulezi si nyingi, kiasi cha asilimia 7, tena ina upungufu wa lisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Upungufu huo hufidiwa na jamii ya kunde: maharage, choroko, au soya iliyokaangwa vizuri. Maneno "iliyokaangwa vizuri" hayakuwekwa kwa ajili ya ladha. Soya mbichi ina kitu kinachokizuia kimeng'enya cha tripsini kisivunje protini katika utumbo, na joto ndilo hukiharibu.

Kipimo kimoja kinatosha kuonyesha hesabu. Unga wa ulezi gramu 200, karanga zilizosagwa gramu 50, sukari gramu 40, mafuta ya alizeti gramu 50, ndizi mbivu moja, yai moja, chumvi chembe na nusu kijiko cha chai cha baking pauda hutoa biskuti 20. Biskuti 4 kati ya hizo zina kilokalori takriban 340, yaani nishati ya vikombe 4 vya uji, na kalsiamu takriban miligramu 140. Sukari iliyotiwa ndani yake ni gramu 8. Kijana anayekua huhitaji kalsiamu miligramu 1,300 hivi kwa siku, kwa hiyo biskuti hizo humpatia sehemu ya kumi tu. Asiseme mtu kwamba zinamaliza haja. Kikombe kimoja cha maziwa huzishinda zote nne kwa kalsiamu, na hizi ni wilaya za wafugaji. Ajabu ni kwamba ziko nyumba ambazo maziwa huondoka alfajiri kwenda kuuzwa mikahawani, na mtoto wa nyumba hiyo akanywa chai kavu. Tena chai yenyewe ina tanini inayopunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Pera au chungwa pamoja na biskuti lingemfaa zaidi, kwa sababu vitamini C huusaidia mwili kukipokea chuma hicho.

Haifai, hata hivyo, kuzipaka matope biskuti za dukani. Zina nishati, na unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2011, hutakiwa kuongezwa chuma, zinki na baadhi ya vitamini za kundi la B, jambo ambalo kinu cha kijijini hakifanyi kwa ulezi. Tatizo lao ni sukari na mafuta mengi yanayofuatana na unga huo mweupe. Wala biskuti ya nyumbani haiwi bora kwa sababu tu imeokwa nyumbani. Mwokaji akitia sukari nusu ya unga na kuiita biskuti ya ulezi, ametengeneza peremende ya rangi ya kahawia.

Liko jambo la ndani zaidi. Sehemu ya kalsiamu na chuma cha ulezi imefungwa na faiteti, kampaundi ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi yake. Madini yaliyofungwa hivyo hupita katika utumbo bila kufyonzwa. Dawa yake inajulikana kwa kila mwanamke wa Mara aliyepata kupika pombe, nayo ni kimea. Ulezi ukilowekwa usiku kucha, ukafunikwa siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha ukaanikwa na kusagwa, vimeng'enya vinavyoamshwa na kuchipua huko hupunguza faiteti, na kimoja kiitwacho amilesi huukata wanga kuwa sukari nyepesi, hasa maltosi. Mpika pombe huitaka maltosi hiyo iwe chakula cha hamira. Mwoka biskuti aweza kuitaka kwa ajili ya utamu: akichanganya sehemu moja ya unga wa kimea na sehemu tatu za unga wa kawaida, ataweza kupunguza sukari ya dukani. Mwaka 1983 mtafiti A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na mwenzake U. Svanberg wa Sweden, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba unga wa nafaka iliyochipua, ukitiwa kidogo tu katika uji mzito, huulainisha uji huo hata mtoto mdogo akaweza kula unga mwingi zaidi kwa kikombe kile kile. Elimu iliyomo katika mtungi wa pombe, basi, ni ile ile iliyomo katika maabara. Kinachotofautiana ni nani anayefaidika nayo.

Tahadhari moja inahusu mtama. Unapochipua, machipukizi yake hutengeneza durini, kitu kinachozaa sayanidi. Kwa hiyo kimea cha mtama hakina budi kusuguliwa na kupepetwa mpaka mizizi na machipukizi yote yaondoke. Mwalimu anayeanza na afadhali aanze na kimea cha ulezi, kisicho na mashaka hayo.

Sayanidi hiyo hiyo inaleta jambo zito kuliko yote, yaani muhogo. Ulezi ni ghali na muhogo ni rahisi. Ugali wa wilaya hizi mara nyingi ni wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, na ni dhahiri kwamba mwoka biskuti atafikiria kuchanganya vivyo hivyo. Hakuna kosa katika fikira hiyo, maadamu unga wa muhogo umetengenezwa sawasawa. Lakini Tarime inayo sababu yake ya kutolichukulia jambo hili kwa wepesi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime ya siku zile, ambayo ilikuwa bado inajumuisha Rorya iliyotengwa mwaka 2007, watu walipooza miguu kwa ghafla. Watafiti Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling waliwachunguza wagonjwa 39, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1990. Ugonjwa ulikuwa ni konzo. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 katika Kongo ya Wabelgiji, na jina lake, katika lugha ya Wayaka wa huko, lina maana ya miguu iliyofungwa.

Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huja kwa siku moja au chache, kisha hauendelei, lakini wala hauponi. Aliyelemaa hubaki na kilema. Chanzo chake kinahusishwa na muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu ya kutosha, ukiliwa na watu ambao mlo wao umekosa protini zenye salfa. Mwili huitumia salfa hiyo kuigeuza sayanidi kuwa kitu kisicho kikali. Katika njaa mambo hayo mawili hukutana: muhogo huvunwa na kuliwa kwa haraka, kabla haujapitia hatua zote za kutengenezwa, na maharage, dagaa na maziwa yamekwisha.

Muhogo hauweki sayanidi yenyewe ndani ya mzizi wake. Huweka linamarini, na mbali nayo, katika sehemu nyingine ya seli, huweka kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muhogo unapokunwa, kupondwa au kuvundikwa, kuta za seli huvunjika, viwili hivyo hukutana, na haidrojeni sayanidi hutoka na kuruka hewani, kwani huchemka kwa nyuzijoto 26 tu. Ndiyo maana udaga uliovundikwa na kuanikwa vizuri ni salama kuliko makopa yaliyokatwa na kuanikwa tu. Katika makopa seli nyingi hukauka zikiwa nzima. Je, tanuri halisaidii? Watu wengi hudhani kwamba joto la nyuzi 180 humaliza kila sumu. Joto hilo hukiharibu kimeng'enya, naam, lakini linamarini yenyewe hustahimili, na kimeng'enya kikishaharibika hakuna tena cha kuivunja. Biskuti ya unga mbaya wa muhogo hutoka tanurini na sumu yake, sasa ikiwa imefichwa na utamu na harufu nzuri. Sumu ya muhogo huondolewa kabla ya kuoka, si kwa kuoka.

Njia rahisi ya kuipunguza katika unga uliokwisha kusagwa ilibuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Unga hulowanishwa kwa maji, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichosalia katika unga hupata maji na kufanya kazi yake, na sayanidi ikapungua sana. Unga huo mbichi hutumika siku hiyo hiyo. Kwa mwoka biskuti hilo si tatizo, maana angeulowanisha vyovyote vile. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni sayanidi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo. Shule isiyo na uhakika wa unga wake na iuache muhogo kabisa, wala isione haya.

Karanga nazo zina sharti lao. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, ambayo joto la tanuri haliiondoi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Chakula kilichoshukiwa zaidi kilikuwa mahindi. Kuchagua karanga moja moja juu ya ungo, kazi ambayo vijana huiona ya kizee, ni kazi ya kisayansi.

Kuhusu tanuri lenyewe, ukosefu wa umeme si udhuru. Sufuria kubwa hutiwa mchanga mkavu sakafuni, sinia la biskuti huwekwa juu ya vijiwe vitatu ndani yake, kifuniko hufunikwa, na makaa hupangwa chini na juu. Mwalimu wa fizikia apate nini zaidi? Joto hupita mchangani kwa mpitisho, huzunguka na hewa kwa msafara, na hushuka kutoka kifunikoni kwa mnururisho, yote matatu katika chombo kimoja. Kwa kuwa hakuna kipimajoto, unga kidogo hutandazwa juu ya bati na kuingizwa ndani: ukigeuka rangi ya kahawia isiyokoza kwa dakika kama tano, moto ni wa wastani na biskuti zitaiva kwa dakika 15 hadi 20. Unga wa kupimia lazima uwe wa mahindi au ngano, kwani wa ulezi tayari ni wa kahawia, na ndiyo sababu waokaji wengi wa mara ya kwanza huziunguza biskuti za ulezi wakingoja zibadilike rangi. Zitazamwe kingo, zikikaza na harufu ya karanga ikatoka, zimeiva. Zenye ndizi na yai hubaki na maji kiasi, nazo zisiwekwe zaidi ya siku tatu au nne. Anayetaka za wiki nzima na azirudishe katika moto mdogo mpaka zikauke, kama walivyofanya mabaharia. Mahali penye jiko la gesi sufuria hiyo hiyo hufaa kwa moto wa chini peke yake, na huko ndiko serikali inakoelekeza, kwa mkakati wa mwaka 2024 unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Magadi yasitumiwe badala ya baking pauda. Magadi ya maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi nyingi, ambayo huyatia madoa meno ya watoto wanaokua, na ukali wake huharibu vitamini B1. Na ulezi uoshwe, upepetwe, uoshwe tena. Nafaka iliyopurwa juu ya udongo hubeba mchanga, na biskuti yenye mchanga humfanya mlaji aichukie sayansi yote kwa pamoja.

Je, mlo wa asubuhi hubadili masomo? Hapo yafaa kusema kwa kiasi. Katika Jamaika, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuata watoto wa shule 16 za msingi za vijijini kwa mwaka mmoja. Waliopewa kifungua kinywa walihudhuria zaidi kidogo, waliongezeka urefu na uzito kidogo, na wale wadogo walipata maendeleo katika hesabu. Katika kusoma na tahajia tofauti haikuonekana. Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, biskuti zilizoongezwa chuma, iodini na betakarotini ziligawiwa shuleni katika miaka ya 1990, na hali ya lishe ya watoto ikawa bora. Lakini baada ya likizo ndefu vitamini A ilirudi chini. Habari hiyo ya likizo ina uzito kwa Mara. Biskuti inayotoka katika mfuko wa mfadhili hukoma mfadhili anapoondoka, na ile inayotolewa shuleni tu hukoma shule inapofungwa. Biskuti ambayo mwanafunzi mwenyewe anajua kuioka, kwa unga wa kwao, humfuata hadi nyumbani.

Anayejua kuioka, tena, asiwe msichana peke yake. Kwa muda mrefu somo la sayansi kimu limehesabiwa kuwa la wasichana, na wavulana wakapelekwa kwenye useremala. Matokeo yake ni kwamba mvulana aweza kuandika mlinganyo wa kemia ya bikaboneti ubaoni bila kuujua katika sinia la biskuti, na dada yake akauona kila siku bila kuambiwa kuwa ni kemia. Hakuna mila ya Kikurya, ya Kiikoma wala ya Kingoreme inayomkataza mwalimu wa kiume wa kemia kushika mwiko maabarani.

Pingamizi lililo zito kweli ni bei. Ulezi hushindania mteja mmoja na mpika pombe, naye hulipa vizuri. Kuulima ni kazi ya mikono, na aghalabu ni mikono ya wanawake. Kumwambia mama auache wateja wake wa pombe, ambao ndio wanaolipa daftari na sare, ili watoto wapate biskuti, ni ushauri usio na adabu. Ulezi wa biskuti za shule hauna budi kutoka mahali pengine. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilizitaka shule ziwe na mashamba, na mwaka 1974 Azimio la Musoma, lililopitishwa katika mji mkuu wa mkoa huu huu, likasisitiza kwamba elimu na kazi viende pamoja. Baadhi ya mashamba hayo yaligeuka kuwa adhabu kwa wanafunzi, na mavuno hayakujulikana yalikokwenda. Hilo lilikuwa kosa la uendeshaji. Hesabu haijabadilika. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akila biskuti 4 kwa kila siku ya masomo, huhitaji ulezi kilo 1.6 kwa siku, yaani kilo 310 hivi kwa mwaka wa siku 194 za masomo. Shamba la ekari moja na nusu, likitunzwa, laweza kutoa hizo.

Kutunza huko ni kupalilia hasa, na hapo mwalimu wa biolojia huingia. Ulezi una jamaa wa porini anayeota pamoja nao, wa jenasi ile ile, na katika wiki za kwanza miche yao hufanana mno. Mwanafunzi asiyezoea hung'oa chakula na kuacha gugu. Wanawake wazee wa Tarime na Serengeti huwatofautisha wakiwa wamesimama, kwa kutazama umbo la shina na namna majani yanavyolala, na haingekuwa vibaya mmoja wao aalikwe shambani kwa vipindi viwili kama mwalimu wa somo hilo.